Mpaka Mmoja, Afya Moja: Somo Kuhusu Diplomasia ya Afya na Namna Inavyomgusa Mkazi wa Kajiado

Lori la vitunguu linalotoka Arusha huvuka mpaka Namanga, likapita Bisil, mji wa Kajiado, Isinya na Kitengela kabla ya kufika Athi River na Nairobi. Barabara hiyo hubeba pia mahindi, mifugo, watalii, wanafunzi na watu wanaokwenda kuwaona jamaa zao upande wa pili. Wakati mwingine hubeba maradhi, nayo maradhi hayasimami dirishani kugongewa muhuri.

Kaunti ya Kajiado inapakana na Tanzania kuanzia Shompole upande wa magharibi hadi Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Jamii ya Wamaasai inaishi pande zote mbili, na wakati wa ukame mifugo huvuka kufuata nyasi na maji. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,117,840 katika kaunti hii. Wengi wao hawajawahi kuingia katika ukumbi wa mikutano ya kimataifa, lakini yanayoamuliwa Geneva, Addis Ababa na Arusha kuhusu afya huwafikia upesi, kwa bei ya vitunguu sokoni Kitengela, kwa kipimo anachofanyiwa dereva Namanga, na kwa chanjo inayofika katika zahanati ya kijiji.

Somo la toleo hili linaeleza diplomasia ya afya ni nini, kwa nini nchi huihitaji, na ni nini ambacho mpaka wa Namanga umefundisha katika miaka ya karibuni.

Maana ya diplomasia ya afya

Diplomasia ni kazi ya nchi kuzungumza, kukubaliana na kutimiza makubaliano bila kulazimishana. Diplomasia ya afya ni kazi hiyo inapohusu maradhi, dawa, chanjo, chakula salama na afya ya wanyama.

Hufanyika katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya dunia, ambako nchi hukutana katika Shirika la Afya Duniani, WHO, mjini Geneva. Ya pili ni ya eneo, kama vile Umoja wa Afrika na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ulioanzisha Jumuiya hiyo, uliotiwa saini 1999, una kifungu cha 118 kinachozitaka nchi wanachama kushirikiana katika kuzuia na kudhibiti magonjwa. Ya tatu ni ya majirani: afisa wa afya wa upande mmoja wa mpaka kumpigia simu mwenzake wa upande wa pili na kumwambia ukweli kuhusu mgonjwa aliyepokewa asubuhi hiyo.

Ngazi hii ya tatu haionekani sana katika habari, ilhali ndiyo inayoamua kama zile mbili za juu zitafanya kazi.

Ilikotoka

Mazungumzo ya nchi kuhusu afya yalianza na biashara. Mwaka 1851 mataifa 12 yalikutana Paris kujadili karantini za meli. Kipindupindu kilikuwa kimeenea Ulaya, kila bandari ikiwa na masharti yake, na wafanyabiashara walikuwa wakipata hasara. Mkutano huo haukumaliza ugonjwa, lakini uliacha wazo lililodumu: afya ya nchi moja haiwezi kulindwa na nchi hiyo peke yake. WHO lilianza rasmi tarehe 7 Aprili 1948.

Ushindi mkubwa wa diplomasia hiyo ulihusu ndui. Mwaka 1958 Umoja wa Sovieti ulipendekeza ndui itokomezwe duniani kote. Marekani, iliyokuwa hasimu wake mkubwa, iliingia katika kazi hiyo hiyo. Mmoja alitoa chanjo kwa wingi, mwingine akatoa fedha na wataalamu. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba 1979, ilikuwa mjini Nairobi ambako WHO lilitangaza kwamba Pembe ya Afrika haina tena ndui, na Mei 1980 dunia nzima ikathibitishwa kuwa huru.

Kwa wafugaji, mfano ulio karibu zaidi ni sotoka ya ng'ombe. Wazee wa Kimaasai wamerithi habari za Emutai, maangamizi ya miaka ya 1880 na 1890, wakati sotoka ilipofyeka mifugo, kisha njaa na ndui zikawamaliza watu. Chanjo iliyobadilisha mambo ilitengenezwa Muguga, kaunti ya Kiambu, na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake. Hata hivyo chanjo peke yake isingetosha. Nchi za Afrika zilipaswa kukubaliana kuchanja kwa pamoja, kutangaza milipuko bila kuficha, na kuruhusu wataalamu wafuate mifugo hata inapovuka mipaka. Virusi vya mwisho vya sotoka kujulikana vilionekana kwa nyati wa Mbuga ya Meru mwaka 2001. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umetokomezwa duniani.

Sheria ya saa 24

Msingi wa ushirikiano wa sasa ni Kanuni za Kimataifa za Afya, zilizopitishwa 2005 na kuanza kutumika Juni 2007. Kanuni hizo zinazifunga nchi 196, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zinasema kwamba nchi ikishatathmini tukio na kuona huenda likawa dharura ya afya ya kimataifa, ni lazima iliarifu WHO ndani ya saa 24. Pia zinaitaka kila nchi iwe na uwezo wa kugundua maradhi katika viwanja vya ndege, bandari na mipaka mikuu, na zinasisitiza kwamba hatua za kujikinga zisizuie usafiri na biashara kuliko inavyohitajika.

Kusema ukweli ndani ya saa 24 ni jambo rahisi kuandikwa na gumu kutendwa. Nchi inayotangaza ugonjwa huweza kuadhibiwa kwa ukweli wake. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliijulisha dunia kuhusu aina mpya ya virusi vya korona iliyoitwa Omicron. Siku moja au mbili baadaye, nchi nyingi zikafunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Wafugaji wa Pembe ya Afrika nao wanakumbuka Septemba 2000, Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Saudi Arabia na Yemen, na mifugo kutoka eneo lao ikapigwa marufuku katika masoko ya Ghuba.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo inaihusu nchi kama inavyomhusu mtu. Lakini mtu haachi kuficha kwa kuhimizwa tu. Huacha anapoona kwamba akisema atasaidiwa. Kazi kuu ya diplomasia ya afya ni kuhakikisha kwamba anayesema ukweli mapema hapati hasara kuliko anayenyamaza.

Namanga 2019: mazoezi kabla ya janga

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Namanga kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Tanzania tarehe 1 Desemba 2018. Maafisa wa nchi hizo mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili.

Miezi sita baadaye, kuanzia tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi makubwa ya dharura papo hapo Namanga, pande zote mbili za mpaka. Ugonjwa uliochaguliwa ulikuwa Homa ya Bonde la Ufa, ambayo huwapata mifugo na watu. Washiriki walijifanya kwamba mlipuko umetokea, wakajaribu kuona kama habari zitafika kwa wakati, kama daktari wa watu na daktari wa mifugo wataelewana, na kama ofisi za nchi mbili zitatoa tangazo linalofanana kwa wananchi.

Uchaguzi wa ugonjwa huo ulikuwa na sababu. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilipozalisha mbu kwa wingi, ugonjwa huo ulilipuka Kenya, Somalia na Tanzania. Kulingana na takwimu za WHO, Kenya ilipata wagonjwa 684, wakafa 155. Tanzania ilipata wagonjwa 264, wakafa 109. Ugonjwa ulipoonekana Kenya kwanza, ilipita zaidi ya mwezi mmoja kabla ya wagonjwa kuanza kupatikana Tanzania. Muda huo ndio ambao taarifa nzuri kutoka kwa jirani huokoa maisha: mifugo huchunguzwa, wachinjaji huonywa, hospitali hujiandaa.

Namanga 2020: janga lenyewe

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Tanzania ilitangaza wa kwanza siku tatu baadaye. Nchi hizo mbili zikafuata njia tofauti. Kenya iliweka kafyu na kuzuia safari za kuingia na kutoka baadhi ya kaunti. Tanzania haikufunga shughuli kwa namna hiyo, na mwishoni mwa Aprili ikaacha kutoa takwimu mpya za wagonjwa.

Kenya ilipoanza kuwapima madereva wa malori mipakani, matokeo yalizua mvutano. Tarehe 16 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba katika wiki hiyo watu 43 walikuwa wamepatikana na virusi katika vituo vya mipakani, 16 kati yao Namanga na 1 Loitokitok. Mipaka na Tanzania na Somalia ikafungwa kwa watu, malori ya mizigo pekee yakiruhusiwa, kwa sharti kwamba kila dereva apimwe. Waliopatikana na virusi na si raia wa Kenya walirudishwa.

Upande wa pili baadhi ya viongozi walitilia shaka vipimo hivyo, na malori ya Kenya nayo yakazuiwa kuingia Tanzania. Foleni zikarefuka Namanga. Madereva na utingo wao walikaa siku kadhaa barabarani wakisubiri majibu, bila vyoo vya kutosha wala mahali pa kulala. Mizigo inayooza ikaanza kuharibika. Hatua iliyokusudiwa kuzuia maambukizi ikawa imewasonganisha watu mahali pamoja.

Hapa ndipo inapofaa kusimama na kuuliza: ni kitu gani kilichokosekana? Vipimo vilikuwapo. Maafisa walikuwapo, na kituo cha pamoja kilikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano ya awali kwamba kipimo cha nchi moja kitaaminiwa na nchi nyingine. Maabara inaweza kutoa jibu sahihi, lakini jibu lisiloaminiwa ng'ambo ya uzio halimvushi dereva.

Suluhisho lilikuja kwa mazungumzo. Marais wa nchi hizo mbili walizungumza kwa simu, Rais John Magufuli akaeleza hadharani kwamba wamekubaliana mawaziri wakutane, na kabla ya Mei kwisha mawaziri wa uchukuzi walikutana Namanga. Njia iliyofuatwa ilikuwa ya kawaida kabisa: dereva apimwe nchini mwake kabla ya safari, apewe cheti cha kudumu siku 14, na cheti hicho kitambuliwe pande zote mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuzigawia nchi wanachama maabara 9 za kuhamahama, ambazo zilisaidia kupima karibu na mipaka. Baadaye ikaanzisha mfumo wa kidijitali ambao ulihifadhi matokeo ya dereva katika simu yake, ili afisa wa nchi yoyote mwanachama ayaone bila kumpima upya.

Mvutano haukwisha siku hiyo. Agosti 2020 uligeuka kuwa wa ndege, Tanzania ilipoizuia Kenya Airways baada ya kuachwa nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawakuhitaji karantini Kenya. Ulitatuliwa katikati ya Septemba. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, na suala la kupatanisha taratibu za korona mipakani likawa miongoni mwa yaliyozungumzwa na marais hao wawili.

Ukiyaweka matukio ya 2019 na 2020 pamoja, somo linaonekana. Mazoezi yaliwafundisha maafisa wa mpakani kufanya kazi pamoja. Lakini ujuzi wa maafisa huishia pale ambapo sera za nchi zimeachana. Ndiyo sababu diplomasia ya afya lazima ifanyike juu na chini kwa wakati mmoja, na ifanyike kabla ya dharura.

Mahindi ya Machi 2021

Diplomasia ya afya haihusu virusi tu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikisema kwamba vipimo vimeonyesha sumukuvu kupita kiwango kinachokubalika. Malori yakasimama tena Namanga.

Hofu ya sumukuvu ina msingi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Sumu hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na haiondoki kwa kupikwa. Vilevile hasara ya mfanyabiashara aliyekwisha kulipia mzigo ni ya kweli, na bei ya unga hupanda kwa kila mnunuzi wa Kitengela na Kajiado.

Baada ya siku chache za mawasiliano, zuio liliondolewa tarehe 10 Machi na masharti yakawekwa mahali pake: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka, na uwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kuna tofauti kubwa kati ya kufunga mlango na kuweka kipimo mlangoni. Kufunga humwadhibu mkulima mwenye mahindi safi pamoja na mwenye mahindi machafu. Kipimo kinachokubaliwa na pande zote humpa kila mmoja sababu ya kukausha na kuhifadhi vizuri.

Nani ana kazi gani

Katiba ya 2010 inagawa majukumu katika Jedwali la Nne. Uhusiano na nchi za nje ni kazi ya serikali ya kitaifa, na huduma za afya katika viingilio vya mipakani zinasimamiwa na Wizara ya Afya ya kitaifa. Kaunti inasimamia hospitali na zahanati zake, magari ya wagonjwa, afya ya msingi, usafi, leseni za wauzaji wa chakula na huduma za mifugo.

Kwa hiyo gavana hatii saini mkataba na nchi jirani. Lakini mgonjwa akivuka Namanga, hospitali ya kaunti ndiyo humpokea. Ng'ombe wakianza kutupa mimba, ofisa wa mifugo wa kaunti ndiye huitwa. Taarifa inayotakiwa kufika Geneva ndani ya saa 24 huanza safari yake katika daftari la zahanati au kinywani mwa mfugaji. Ikichelewa huko, hakuna balozi anayeweza kuiharakisha.

Ibara ya 2(6) ya Katiba inasema mkataba wowote ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Sheria ya mikataba ya 2012 inataka Bunge lihusishwe kabla ya kuidhinisha, na inatambua ushiriki wa umma. Mkazi wa Kajiado ana haki ya kutoa maoni kuhusu mkataba wa afya, kama alivyo na haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti.

Majaribio ya karibuni

Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, msafiri aliyekuwa akipita Kenya, aliyegunduliwa katika kituo cha mpakani Taveta, kaunti jirani ya Taita Taveta. Wiki mbili baadaye, tarehe 13 na 14 Agosti, taasisi ya Umoja wa Afrika ya kudhibiti magonjwa na WHO zikatangaza mpox kuwa dharura. Uchunguzi wa mpakani ulikuwa umefanya kazi yake kabla ya tangazo la dunia.

Januari 2025 WHO lilitoa taarifa ya kushukiwa kwa homa ya Marburg mkoani Kagera, Tanzania. Mwanzoni Tanzania ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa WHO, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba umethibitishwa. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Kiongozi wa nchi kusimama na mkuu wa shirika la dunia na kutangaza ugonjwa uliomo nchini mwake ni ishara kwa majirani kwamba watapewa habari.

Tarehe 20 Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mkataba mpya wa kuzuia na kukabili majanga ya magonjwa. Chanzo chake ni machungu ya chanjo za korona. Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za kwanza tarehe 3 Machi 2021 kupitia mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Mwezi huo huo India, ambako zilikuwa zikitengenezwa, ilizuia kwa sehemu kubwa kuuza nje ili kuwachanja watu wake, na nchi nyingi za Afrika zikabaki zikisubiri. Mkataba mpya unataka watengenezaji watakaoshiriki katika mfumo wake waweke kando asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wakati wa janga, angalau nusu yake ikitolewa bila malipo. Kwa upande wao, nchi zitatoa haraka sampuli na taarifa za vimelea. Namna ya kubadilishana huko iliachwa ijadiliwe katika kiambatisho, na mkataba utahitaji kuidhinishwa na nchi 60 kabla ya kuanza kutumika. Hoja ni ile ile ya Namanga: anayetoa ukweli wake ana haki ya kupata faida yake.

Mkazi afanye nini

Mfugaji akiona mimba zinaharibika kwa wingi katika kundi, au ndama na wana-kondoo wakifa ghafla baada ya mvua kubwa, amjulishe ofisa wa mifugo aliye karibu. Asichinje wala kuuza nyama ya mnyama mgonjwa, na asiguse kijusi kilichotupwa kwa mikono mitupu.

Anayerudi kutoka safari akipata homa, upele au damu isiyo ya kawaida aende kituo cha afya mapema na aseme wazi alikotoka. Kusema alikopita hakumfanyi mshukiwa. Kunamsaidia daktari kuchagua kipimo. Mtu anaweza pia kumwambia mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, au kupiga simu ya Wizara ya Afya nambari 719.

Mfanyabiashara wa nafaka akaushe mahindi vizuri, ayaweke juu ya mbao mbali na sakafu yenye unyevu, na atunze vyeti vya mzigo. Dereva wa masafa marefu ahifadhi kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo sasa hudumu maisha yote.

Wakazi wote wajihadhari na kumlaumu jirani. Mwaka 2020 madereva walitazamwa kama wao ndio ugonjwa, ilhali ndio waliokuwa wakileta chakula. Mtu anayeogopa kutengwa huficha dalili zake, na ugonjwa uliofichwa humfikia hata yule aliyemtenga.

Maswali ya kujadiliana katika baraza, vikundi na shule

1. Kama kituo cha Namanga kilikuwa na maafisa wa nchi zote mbili, kwa nini malori yalikwama Mei 2020?

2. Nchi inayotangaza ugonjwa mapema ikifungiwa biashara, jirani zake watajifunza nini? Nani afidie hasara hiyo?

3. Katika kijiji chenu, habari ya ugonjwa usio wa kawaida humfikia nani kwanza, na huchukua siku ngapi kumfikia ofisa wa kaunti? Ni hatua gani inayochelewesha?

4. Mifugo inapovuka kwenda Tanzania wakati wa ukame, wafugaji wa pande mbili hupeana habari gani kuhusu maradhi? Wangeweza kupeana zipi zaidi?

5. Kuna tofauti gani kati ya kufunga mpaka na kuweka kipimo kinachokubalika na pande zote? Toeni mfano mmoja kutoka soko lenu.

Majibu ya swali la tatu yapelekwe kwa chifu au kituo cha afya kilicho karibu, kwa kuwa ndiyo yatakayoonyesha ni mahali gani katika kaunti ambapo saa 24 hugeuka kuwa wiki.